Prosesa ya Mjomba

Mjomba aliileta kompyuta yake dukani kwangu ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi. Ilikuwa Jumanne asubuhi, manyunyu hayakatiki, na ngazi za jengo letu zilikuwa tope tupu kwa viatu vya watu. Alipanda orofa mbili ameikumbatia, akaingia anahema, akaitua juu ya meza yangu ya kazi bila kuuliza kama pana nafasi. Hapakuwa na nafasi. Alisogeza kwa kiwiko kibodi mbili na printa niliyokuwa nimeitoa utumbo, kisha akavuta kiti cha wateja akakaa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nimekuletea mgonjwa. Ana kwikwi."

"Kwikwi ya namna gani?"

"Anakwenda vizuri, halafu anakwama, halafu anaruka. Nataka asikwame."

Mjomba ndiye kaka pekee wa mama yangu. Aliendesha treni za mizigo miaka thelathini na mmoja, akastaafu kabla ya wakati wake, na tangu hapo akawa mtu wa nyumbani: redio, bustani ya mboga nyuma ya jiko, gazeti la jana. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo nusu yangu ilikuwa kwao. Nilikulia kwenye magoti yake nikisikiliza habari za mabehewa. Kompyuta hakuwahi kuzipenda. Alikuwa akiniita "daktari wa redio zisizoimba".

Nikaiwasha. Kitu pekee kilichokuwa kwenye skrini ni mchezo wa kuendesha treni, wa zamani, umri wake unakaribia miaka ishirini.

"Mjomba, umeanza gemu uzeeni?"

"Si gemu hilo. Ni reli yetu."

Akanieleza. Kompyuta ilikuwa ya Sindano. Sindano alikuwa dereva msaidizi wake, mtu mwembamba kiasi kwamba hata kwenye daftari la zamu waliandika jina hilo hilo la utani. Alifariki mwaka uliotangulia kwa ugonjwa wa ini. Mjane wake alipokuwa akipanga upya chumba aliikuta mashine hiyo imefunikwa kitambaa, na juu yake karatasi yenye maneno matatu: Mpe dereva wangu.

Mchezo ule unamruhusu mtu kujenga reli yake mwenyewe. Sindano alipostaafu alijenga ya kwao, yote, kilomita mia na themanini, peke yake, bila kumwambia mtu. Mjomba alipoiwasha mara ya kwanza alijikuta amekaa ndani ya kichwa cha treni kilekile cha zamani, anatoka stesheni ileile, matangi ya maji upande wa kushoto, karakana upande wa kulia.

"Na inakwama wapi?"

"Kilomita ya mia na kumi na mbili."

"Pale tu?"

"Palepale tu."

Nilifungua kifuniko. Ndani nilikuta prosesa ambayo haikuwa ya mashine ile tangu mwanzo. Krimu ya kupitisha joto ilikuwa bado mbichi, imefurika pembeni.

"Nani amekuwekea hii?"

"Yule muuzaji wa pale chini, anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Alisema ina viini kumi na viwili, mashine za mabenki zinatumia hizo. Nikaona kama inabeba benki nzima, treni moja haiwezi kuishinda."

"Hajakudanganya, Mjomba, lakini hajakusaidia. Walioandika mchezo huu, siku zile prosesa ilikuwa na kiini kimoja, akili moja ya kupiga hesabu. Kwa hiyo mchezo unajua kutumia kimoja tu. Kazi yote unakitupia hicho hicho. Vile kumi na moja vingine vimekaa vinaota jua. Na kwenye prosesa ya aina hii kila kiini kikiwa peke yake ni kizito, kwa sababu kilitengenezwa kusaidiana na wenzake."

Akakuna kidevu.

"Yaani nimefunga vichwa kumi na viwili mbele ya mabehewa, halafu kinachovuta ni kimoja."

"Kimoja. Tena kile kidogo cha kupangia mabehewa uani."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikafurahi. Nilidhani nimempata mteja wa raha, mzee anayetaka kukumbuka ujana wake, na kazi yangu ni kumtafutia kichwa kimoja chenye mbio.

Kutafuta kwenyewe hakukuwa rahisi. Ubao mkuu wa mashine ile ulikuwa wa zamani, unapokea prosesa za umbo moja tu, ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza kitambo. Kununua ubao mpya kungemaanisha kubadili kila kitu, na mchezo wenyewe ungeweza kugoma kabisa. Nilikuwa nazo mbili kwenye kabati. Moja ilikuwa na viini sita na mwendo wa wastani. Nyingine viini vinne, lakini mwendo wake mdogo. Niliweka ile ya sita kwanza. Mjomba akarudi siku ya pili, akakaa, akajaribu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo mawili.

La kwanza, hakuwa anaendesha reli yote. Alikuwa na sehemu aliyoihifadhi, inaanzia kilomita ya mia na tisa. Aliianza pale, treni ikiwa tayari kwenye mwendo wa sitini, mabehewa ishirini na mawili ya saruji nyuma yake, mvua imewekwa kwenye mchezo. Ikapita daraja dogo, ikaingia kwenye kona, na kona ilipofunguka likaonekana tanuri la matofali upande wa kulia na, mbele kabisa, kivuko ambapo barabara inakata reli. Hapo picha ikaganda. Sekunde moja, mbili, tatu. Ilipofunguka treni ilikuwa imelipita tanuri. Mjomba akaguna, akafuta, akaanza upya kilomita ya mia na tisa. Alikuwa na daftari la shule, na kila safari aliandika kitu humo kwa penseli, akikiziba kwa mkono wa kushoto.

La pili nililiona alipotoka kwenda kunywa chai. Nilifungua mafaili ya Sindano ili kujua kwa nini inakwama pale tu. Mchezo huo unaweka kila kitu kama maandishi ya kawaida. Ukijua kusoma, unasoma. Kilomita nyingi za reli ile zilikuwa karibu tupu: mti hapa, nguzo pale, kibanda. Lakini kuanzia kilomita ya mia na kumi na moja na nusu, Sindano alikuwa ameweka vitu zaidi ya elfu sita. Aliweka marundo ya matofali, rundo kwa rundo. Aliweka uzio, na sehemu ya uzio iliyolala. Aliweka dimbwi kando ya barabara. Kila kimoja kilikuwa kazi kwa kile kiini kimoja, na vyote vinakiangukia kwa mpigo kona inapofunguka.

Mjomba aliporudi nikamwambia nimepata dawa bila hata prosesa. "Nitapunguza vitu pale. Miti kidogo, matofali kidogo. Kwikwi itaisha leo hii."

"Usiondoe hata jani."

Hakuwa amewahi kunisemesha kwa sauti ile.

"Sawa, Mjomba."

"Hata jani moja. Tafuta prosesa."

Nikaipata siku ya Alhamisi. Ofisi moja ya wachora ramani ilikuwa inatupa mashine zake, na fundi mwenzangu aliyezichukua aliniruhusu nichague. Ilikuwa prosesa ya umbo lilelile, viini vinne tu, lakini kila kiini kinakimbia karibu mara mbili ya kile cha mabenki, na ina kumbukumbu yake ya ndani kubwa ya kutosha kushika vitu vingi bila kwenda kuviomba mbali. Niliisafisha mgongo kwa spiriti, nikaiweka kwenye droo. Nilitaka kumpigia simu Mjomba Ijumaa.

Ijumaa mchana akaja mkewe.

Mkaza mjomba hakuwa amewahi kupanda ngazi zile. Magoti yake yanamsumbua. Alisimama mlangoni na mwavuli wake unachuruzika, akatazama nyaya zangu kana kwamba zingemng'ata. Nikampa kiti. Hakutaka chai.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba jambo moja. Usiitengeneze ile mashine."

"Kwa nini, Mama?"

"Unajua alichokuwa akikifanya pale kwenye skrini?"

Nikamwambia ninachokijua: daraja, kona, tanuri, kivuko. Alipolisikia neno kivuko akafumba macho.

Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Mimi nilikuwa chuoni, mbali, na nyumbani walinificha; niliambiwa tu kwamba Mjomba amepata ajali kazini na hakuumia. Hakuumia kweli. Gari dogo la mizigo lilizima katikati ya kivuko, mvua inanyesha, ndani yumo fundi wa kuchomelea vyuma na mkewe. Labda walidhani litawaka. Hawakutoka. Treni ililisukuma mita sabini.

"Tume ilikaa," alisema mkaza mjomba. "Ikasema alishika breki palepale kwenye tanuri, mara tu alipoona. Reli zilikuwa na maji, mzigo mzito, haikuwezekana kusimama. Wakamsafisha. Wakampa hata barua. Nami nikashukuru Mungu." Alikuwa anazungusha mpini wa mwavuli. "Lakini kuna kitu hajaniambia. Miaka kumi na moja nalala kando ya kitu hicho, na sura yake siijui. Mashine hii ikikubali, sijui atakachokiona. Mwambie hazipatikani. Mwambie zimekwisha duniani. Wewe ndiye fundi, atakuamini."

"Nitaona la kufanya, Mama."

Ni maneno yasiyoahidi kitu, naye alilijua hilo. Alishuka ngazi kwa kushika ukuta.

Nilipobaki peke yangu nilifunga mlango nikafanya nilichopaswa kukiacha. Niliweka ile prosesa ya wachora ramani, nikafunga feni, nikawasha. Kisha mimi mwenyewe nikaianza treni kilomita ya mia na tisa.

Haikukwama. Kona ilifunguka laini kama kitambaa, na kwa mara ya kwanza nikaiona sehemu ile jinsi Sindano alivyoijenga: moshi wa tanuri umeinama na mvua, dimbwi, uzio uliolala. Kivuko kilikuwa kitupu. Hakuweka gari. Nikavuta breki ya dharura pua ya treni ilipofika sawa na tanuri.

Ilisimama. Ilisimama kabla ya kivuko, na kipimo cha mchezo kikasema zimebaki mita arobaini na tisa.

Nikajaribu tena, nikijipa moyo kwamba nimekosea. Arobaini na saba. Tena. Hamsini.

Nilikaa nikitazama vifuta vioo vya treni vikienda huku na huku. Huhitaji kuwa mjumbe wa tume kulielewa lile. Kama angeshika breki kwenye tanuri, watu wale wangekuwa hai.

Nikafungua faili la behewa la saruji. Uzito uliandikwa, nguvu ya breki iliandikwa. Tarakimu tu, kwenye mstari wake. Nikaifuta tarakimu ya breki nikaandika nyingine, ndogo kwa kama robo. Nikaendesha. Safari hii treni ilikipita kivuko ikitambaa, ikaenda kusimama mbele kabisa. Nikahifadhi. Nilifanya hivyo kwa kumpenda au kwa kumwogopa. Siku ile sikuona tofauti.

Jumatatu nikampigia simu. Alifika kabla sijamaliza kufagia.

"Umeipata?"

"Nimeipata. Viini vinne tu, lakini vina mbio. Jaribu."

Alivaa miwani yake, akaweka daftari gotini. Daraja, kona, tanuri. Haikukwama. Nilimwona akishtuka kidogo kwa kutokukwama kwenyewe, kisha mkono wake ukaenda kwenye breki bila haraka, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Mwendo ukashuka: hamsini, arobaini, thelathini. Kivuko kikaja, kikapita chini yetu. Treni ikasimama mbali.

"Unaona, Mjomba," nikasema. "Haikuwezekana."

Akaanza upya. Ikawa vilevile. Mara ya tatu hakungoja tanuri. Alishika breki kidogo kwenye ile sehemu iliyonyooka kabla ya daraja, akaachia, akashika tena, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. Kisha akatoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani.

"Nani ameshikashika breki za Sindano?"

"Sijakuelewa, Mjomba."

"Umenielewa."

Chini barabarani mtu alikuwa anabishana na mwenye mkokoteni. Nilisikiliza ubishi ule kana kwamba unanihusu.

"Mzigo wa saruji nimeuvuta kwenye mteremko ule miaka tisa," alisema. "Mkono wangu unajua mzigo ule unaposimama. Sindano naye alijua, aliziweka sawasawa. Wiki iliyopita hata kwa kwikwi niliona zinashika, nimeandika humu daftarini. Leo hazishiki." Akavua miwani. "Mke wangu alikuja hapa?"

"Alikuja."

"Ndiye aliyekuambia ufanye hivi?"

"Hapana. Aliniomba nisikutafutie prosesa. Hili la breki ni langu mwenyewe."

Aliniangalia mara moja. Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya watu. Hakuna kilichonifanya mdogo kama kuangaliwa vile.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Vidole vyangu vilikosea tarakimu mara mbili. Akaendesha. Kwenye tanuri akashika breki, na treni ile ndefu ikaanza kulalamika na kupunguza, ikapunguza, ikasimama. Mbele ya kioo kulikuwa na reli tupu, kisha kivuko kitupu, mvua inanyesha juu yake.

Mjomba aliweka kiganja kwenye skrini, juu ya kivuko, akakiacha hapo.

"Niliwaona toka kwenye tanuri," alisema. "Nilipiga honi. Sikushika breki. Magari yalikuwa yanazima pale kila wiki, wanapiga stata mara mbili tatu, wanatoka. Na ukishika breki ya dharura kwa mzigo ule, mpaka hewa ijae tena kwenye mabehewa yote na uweze kuondoka ni nusu saa. Tulikuwa tumechelewa tayari. Nikasema moyoni, watatoka sasa. Watatoka sasa. Sindano akaniita. 'Dereva.' Mara moja tu. Ndipo nikashika."

"Muda gani ulipita?"

"Sekunde saba. Nane."

"Na tume?"

"Kifaa cha kuandika mwendo kilikuwa kibovu kwa miezi kadhaa. Walikuwa na mdomo wangu tu. Nikawaambia nilishika kwenye tanuri. Wakamuuliza Sindano, akasema, 'Ni kama alivyosema dereva.' Tukatoka nje, hatukulizungumza tena, siku ile wala mpaka anakufa."

Nilijaribu. Nikamwambia hii ni kompyuta tu, Sindano alikisia, hakuna mtu anayejua mvua ya siku ile ilizitelezesha reli kiasi gani, prosesa inapiga hesabu za kile ilichoandikiwa.

"Sindano hakuwa mtu wa kukisia," alisema. "Na mimi sikuja kuuliza. Nilijua tangu siku ile, miguu yangu ilijua kabla treni haijasimama. Nilitaka tu kuiona ikisimama. Mara moja."

Aliifunga kompyuta mwenyewe. Hakuichukua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, na hakuna aliyeniomba ushauri. Jumatano alimwambia mkewe. Sijui alimwambia kwa maneno gani. Najua kwamba mkaza mjomba alinipigia simu jioni, akasema, "Nilikuomba kitu kimoja," akakata.

Jumamosi Mjomba alivaa koti lake la harusi za watu akaenda kumtafuta dada wa yule fundi wa kuchomelea. Alikuwa anajua anapokaa; kumbe alikuwa anajua miaka yote. Mama yule ni mshonaji, ana cherehani mbili barazani, na ndiye aliyewalea watoto wawili walioachwa na kaka yake. Mjomba alikuja dukani moja kwa moja kutoka huko, akanieleza akiwa amesimama, amejiegemeza kwenye fremu ya mlango.

Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, alisema Mjomba. Hakupiga kelele. Alikuwa na kitambaa chini ya sindano ya cherehani na hakukitoa. Mjomba alipomaliza, akamwambia hivi:

"Miaka kumi na moja nimewaambia watoto hawa kwamba dereva alijitahidi. Walipokuwa wanaogopa treni, niliwaambia, dereva alifanya yote aliyoweza, hakuna mtu wa kumchukia. Wamekua na neno hilo. Mkubwa anaoa mwezi ujao. Sasa wewe umekuja kujitua mzigo hapa barazani kwangu. Mimi niupeleke wapi?"

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nikamwambia nisamehe. Akasema, 'Nenda, baba. Nina kazi ya watu.' Akaendelea kushona."

Nilimvutia kiti. Hakukaa.

"Nilidhani nikisema nitapumua," alisema. "Kumbe nimemnyang'anya mama wa watu kitu chake, na mimi sijapata."

Alishuka ngazi taratibu. Nilisikia kila hatua.

Wiki iliyofuata aliandika barua kwa ofisi ya reli. Nilimchapia mimi; ilikuwa ukurasa mmoja. Alitaja siku, namba ya treni, alichoiambia tume na kilichotokea kweli. Alinikataza kuweka neno "nasikitika" kwa sababu, alisema, wataona anaomba kuhurumiwa. Kuhusu Sindano aliandika sentensi moja: msaidizi wangu alisema kama mimi kwa kuniheshimu. Akatia sahihi, akaipeleka kwa miguu yake.

Nyumbani kwao sikuwa nakwenda. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiniletea habari, naye alizileta nusu nusu. Kwamba mboga za bustanini zimechanua mpaka zimekuwa chungu, hakuna anayezichuma. Kwamba mkaza mjomba amehamishia kitanda chake chumba cha mbele, kwa sababu ya magoti, anasema, lakini magoti hayo amekuwa nayo siku zote. Kwamba wanasalimiana asubuhi, wanaitana mezani, hawagombani kabisa. "Afadhali wangegombana," alisema mama.

Jibu la ofisi lilichukua miezi minne. Mjomba akanipigia simu niende nikalisome, eti miwani yake imelegea. Ilikuwa Jumapili mchana. Mkaza mjomba alinifungulia mlango, akapokea shikamoo yangu, akarudi jikoni. Mjomba alikuwa mezani na bahasha mbele yake, imeshafunguliwa. Miwani yake ilikuwa usoni pake, haina tatizo lolote.

Nikasoma. Barua ilikuwa na mistari mitano. Ilimshukuru kwa utumishi wake wa muda mrefu. Ilisema jalada la ajali hiyo liliharibiwa kwa mujibu wa kanuni baada ya kupita miaka kumi, kwa hiyo ofisi haina kumbukumbu ambayo maelezo yake yanaweza kuambatishwa. Ilimtakia afya njema.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo hakuna mahali pa kuliandika."

"Hakuna, Mjomba."

Alichukua barua akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikalala. Alikuwa amekonda, kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa.

"Andika nyingine," akasema.

"Kwa nani, Mjomba?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, akipitia ofisi moja baada ya nyingine, mtu mmoja baada ya mwingine, walio hai na waliokufa. Nilitoa kalamu kwenye mkoba ili ajue nipo tayari. Jikoni mkaza mjomba aliita kwamba chakula kinapoa. Akaita mara ya pili. Hakuna aliyeinuka.